Kufunga koilova kwenye Impreza nyumbani: safari ya gurudumu kwanza, urefu wa gari baadaye

Koilova ni shokapu iliyozungushiwa springi na kuchongwa nyuzi kwenye mwili wake, ili mwenye gari aweze kupandisha au kushusha gari kwa kuzungusha pete, na kwa zile zilizo bora, aweze pia kurekebisha ugumu wa shokapu yenyewe. Wengi wanaozinunua huvutiwa kwanza na uwezo wa kushusha, kwa sababu gari la michezo lililokaa chini hupendeza macho, na picha nyingi tunazoziona ni za magari ambayo tairi limejificha ndani ya madigadi. Mimi nimezifunga mwenyewe nyumbani kwenye Subaru Impreza WRX ya mwaka 2003, nikaishi nazo katika barabara za Dar es Salaam na katika safari za mikoani, na nimefikia msimamo ambao naueleza hapa kwa kirefu: kitu cha thamani ambacho mtu hununua anaponunua koilova ni udhibiti wa safari ya gurudumu, yaani ile nafasi ambayo gurudumu linaweza kupanda na kushuka kabla ya chuma kugonga chuma. Urefu wa gari ni matokeo ya uamuzi huo, na anayeanza na urefu huishia kuendesha gari ambalo ni gumu, lenye kelele, na linaloshika barabara vibaya kuliko lilivyotoka kiwandani.

Ni vizuri kueleza gari lenyewe, kwa sababu kazi hii hutofautiana sana kati ya gari na gari. Impreza ya kizazi cha pili, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 2000 hadi 2007, hutumia mfumo wa MacPherson mbele na nyuma. Mfumo huo una jina la Earle MacPherson, mhandisi Mmarekani, na ulienea baada ya kampuni ya Ford kuutumia katika magari ya Consul na Zephyr yaliyotolewa Uingereza mwaka 1950. Ndani ya mfumo huu shokapu haifanyi kazi ya kutuliza springi peke yake. Ndiyo nguzo inayosimamisha kitovu cha gurudumu. Mtu akikata kona kwa kasi, nguvu ya pembeni hupita kwenye mwili wa shokapu na kwenye bolti mbili zinazoishikamanisha na kitovu. Kwa hiyo bolti hizo si za kukazwa kwa kukisia. Kwenye gari lenye mikono miwili, ya juu na ya chini, kama Toyota Altezza, shokapu iliyolegea italeta kelele na mtikisiko. Kwenye Impreza, shokapu iliyolegea itageuza mwelekeo wa tairi wakati gari linatembea.

Uzuri wa mpango huu kwa anayefanya kazi nyumbani ni kwamba kila kona ya gari ni rahisi kuielewa. Juu kuna nati tatu ndogo zinazofunguliwa kwa spana namba 12, chini kuna bolti mbili kubwa za namba 19, katikati kuna paipu ya breki na waya wa kihisi cha ABS, na ukishaachanisha hivyo shokapu nzima inatoka pamoja na springi yake. Ukinunua koilova zinazokuja na maunti zake za juu, yaani vile vishikio vinavyoifunga shokapu kwenye bodi ya gari, huna haja kabisa ya kubomoa shokapu za zamani. Hilo nalisisitiza kwa sababu ya usalama: nati ya katikati iliyo juu ya shokapu ya kiwandani ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa isifumuke, na mtu akiilegeza bila chombo cha kubana springi, kile kinachoruka kinaweza kumuua. Nati tatu za pembeni ndizo za kufunguliwa, na ile ya katikati haiguswi. Kama seti uliyoinunua inakutaka utumie tena maunti za zamani za nyuma, peleka shokapu hizo kwenye gereji yenye chombo imara cha kubania, ukalipe kazi hiyo peke yake, kisha urudi nyumbani uendelee.

Kabla ya kununua nilitumia muda mwingi kuuliza ni aina gani ya koilova. Kuna zile ambazo gari hushushwa kwa kusogeza kikalio cha springi tu, na kuna zile ambazo mguu wa chini wenyewe huzunguka kwenye nyuzi, kiasi kwamba urefu wa gari na mkazo wa springi hurekebishwa kila kimoja peke yake. Nilichukua za aina ya pili, zenye springi za kilo 6 kwa milimita mbele na kilo 5 nyuma. Katika soko letu utakutana na koilova zilizotumika kutoka Japani, zikiwa zimefungwa kwa waya na kuwekwa rundo moja na shokapu za magari mengine. Sizidharau zote, lakini nilizikwepa, kwa sababu shokapu iliyotumika haionyeshi hali yake kwa macho. Mafuta yakiwa yamevuja unayaona, lakini gesi iliyopungua huioni, na pete ambazo zimeganda kwa kutu hufanya koilova isiwe na faida yoyote juu ya shokapu ya kawaida. Baadhi ya magari yanayotufikia yaliendeshwa sehemu za Japani ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi hiyo huonekana chini ya gari kabla ya kuonekana mahali pengine popote.

Siku chache kabla ya kazi nilizipaka bolti zote za chini mafuta ya kulegeza kutu, nikarudia kila jioni. Kisha nilipima. Kipimo chenye maana ni kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kwa kila kona, gari likiwa limesimama sehemu tambarare, likiwa na mafuta ya kawaida ndani ya tangi na bila mtu ndani. Kupima kutoka ardhini hudanganya, kwa kuwa upepo wa tairi na ulaji wake huingia katika hesabu. Niliandika namba hizo kwenye daftari, pamoja na picha ya kila bolti ilivyokaa. Daftari hilo limenisaidia kuliko chombo chochote nilichokuwa nacho.

Juu ya kunyanyua gari sitapita haraka. Nyumbani kwetu, kama nyumba nyingi, kuna sehemu ya zege mbele ya mlango na mchanga baada ya hapo. Kazi hii hufanyika kwenye zege tu. Nimeona gereji za mitaani zikiweka magari juu ya tofali za saruji au mawe, na naomba kila anayesoma haya asifanye hivyo: tofali halinung'uniki kabla ya kuvunjika, hupasuka ghafla, na uzito wote hushuka mara moja. Nilitumia stendi za chuma zenye pini ya kufungia, zikiwa zimewekwa kwenye sehemu zilizoimarishwa ambazo kitabu cha gari kinaonyesha, magurudumu yaliyobaki chini yakiwa yamezuiwa kwa magogo mbele na nyuma. Baada ya kushusha gari juu ya stendi nililisukuma kwa nguvu pembeni, mara kadhaa, kabla ya kuondoa tairi. Tairi lililotolewa niliingiza chini ya kingo za gari, ili gari likianguka liangukie mpira na si mtu. Tulinyanyua magurudumu mawili ya mbele kwa pamoja, siyo moja moja, kwa sababu fimbo ya stabilaiza huunganisha kushoto na kulia, na upande mmoja ukibaki chini fimbo hiyo hukivuta kitovu na kufanya bolti zigome kutoka.

Jirani yetu mmoja ni fundi mstaafu, na nilimwendea jioni ya kabla ya kazi. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, alisikiliza mpango wangu wote, kisha akasema: "Mwanangu, ukishatoa bolti za chini, kile kitovu kitalala kuelekea kwako. Kifunge kwa waya hapohapo. Ukikiacha kikining'inia, draivu shafti itavutika na ile jointi ya ndani itaachia, na hapo utakuwa umejiongezea kazi ambayo hukuikusudia." Ushauri huo ni wa gari la magurudumu manne yenye nguvu hasa, kwa kuwa mbele na nyuma kote kuna shafti. Nikakata vipande vya waya mzito mapema, nikaviacha tayari, na kila kona ilipofunguliwa kitovu kilifungwa kwanza kabla ya jambo lolote lingine. Paipu ya breki na waya wa ABS navyo huachanishwa na mwili wa shokapu mwanzoni kabisa, visije vikabeba uzito wa kitovu.

Kuna jambo moja kwenye bolti za mbele ambalo ni la Subaru mahususi. Kati ya bolti mbili za chini, ile ya juu si bolti ya mviringo wa kawaida; ina umbo la pembeni lililopinda, na ukiizungusha hubadilisha mlalo wa tairi, yaani kiasi ambacho tairi huinama ndani au nje ukilitazama kwa mbele. Mdogo wangu, aliyekuwa akinisaidia, aliikamata kwa spana kichwani na kuanza kuisukuma, kisha akasimama akasema, "Kaka, hii inakuwa nzito halafu inalegea, halafu inakuwa nzito tena." Ndivyo inavyopaswa kuhisiwa mtu anapozungusha kichwa. Kichwa hushikwa kisitikisike, na kinachofunguliwa ni nati. Kabla ya kuanza, piga alama kwa rangi au kwa patasi nyepesi kati ya kichwa cha bolti na mwili wa shokapu, ili wakati wa kurudisha uwe na mahali pa kuanzia, hata kama alaimenti itafanywa upya baadaye.

Nyuma ni kazi ya ndani ya gari zaidi kuliko ya nje. Kwenye Impreza ya buti, nati tatu za juu zimejificha nyuma ya kiti, kwa hiyo kiti cha nyuma kinatolewa, kikalio na egemeo. Si kazi ngumu, lakini inahitaji uvumilivu na sehemu safi ya kuvihifadhi. Anayefungua nati ya mwisho ya juu awe na mwenzake wa kuishika shokapu kwa chini, kwa kuwa itaanguka mara moja na inaweza kugonga shafti au paipu ya breki.

Wakati wa kufunga, kila kitu huingizwa kwa mkono kwanza, juu na chini, na kukazwa kwa spana kunakuja baadaye. Nati za juu hukazwa kidogo kuliko watu wanavyodhani: kwa gari langu ni nyutoni mita 20, na kwa kuwa misumari yake ni myembamba, mkono wenye nguvu na spana ndefu huikata kwa urahisi. Bolti za chini za mbele, kinyume chake, zinahitaji nyutoni mita 175, kiwango ambacho spana fupi haifikii hata ukiikanyaga. Nilinunua toki renchi, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa ajili ya kazi hii, na naiona ni sehemu ya gharama ya koilova, kama ilivyo bei ya koilova zenyewe. Mtu asiyeweza kuinunua aiazime, na akikosa kabisa, afunge gari kwa uangalifu kisha alipeleke polepole kwenye gereji ya karibu yenye chombo hicho kabla ya kufika barabara kuu.

Bushi za raba zina kanuni yake, na mafundi wengi wa kwetu huipuuza. Kama umelegeza bolti yoyote inayopita ndani ya bushi ya raba, kwa mfano ya mkono wa chini au ya vyuma vya pembeni vya nyuma, usiikaze kabisa wakati gurudumu linaning'inia. Raba ya bushi imegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje, haizunguki, hujikunja. Ukikaza gari likiwa juu, raba itakuwa imejikunja muda wote gari likiwa chini, na itachanika mapema. Niliweka jeki chini ya kila kitovu, nikakipandisha hadi kipimo cha kitovu na madigadi nilichokusudia kukifikia, ndipo nikakaza.

Sasa nafika kwenye jambo ninaloliona kuwa kiini cha kazi nzima. Watu wengi huamini kwamba ukiikaza pete juu ya springi, springi inakuwa ngumu. Siyo kweli kwa springi yenye ugumu ulio sawa, kama zilizo nyingi za koilova. Springi ya kilo 6 kwa milimita inahitaji kilo 6 ili ishuke milimita moja, iwe imebanwa mwanzoni au haikubanwa. Kinachobadilika ni mahali shokapu inaposimama ndani ya safari yake. Chukua kona ya mbele ya gari kama hili, ambayo inabeba takriban kilo 360 ukiondoa uzito wa gurudumu na kitovu. Gawanya kwa 6, utapata milimita 60: ndivyo springi itakavyoshuka gari likikanyaga chini, kama haikuwa na mkazo wowote wa awali. Ukiibana milimita 10 kwa pete kabla ya kufunga, shokapu itashuka milimita 50 tu, na milimita 10 zilizobaki zinaongezeka upande wa juu, upande wa kupokea tuta na shimo. Ukiilegeza, unapoteza kiasi hichohicho. Kwa hiyo pete ya springi ni chombo cha kugawa safari kati ya kushuka na kupanda, na mguu wa chini unaozunguka ndio chombo cha kuweka urefu wa gari. Vikichanganywa, mtu hulishusha gari kwa kuilegeza springi, na shokapu inakaa karibu na raba ya kikomo, ile inayozuia chuma kugonga chuma, hata kabla gari halijaondoka nyumbani.

Hesabu hiyo pia inaonyesha kwa nini koilova fupi haina budi kuwa na springi ngumu zaidi. Springi yenye nusu ya ugumu huo ingeshuka milimita 120 kwa uzito uleule, na tuta linaloongeza mzigo wa kona mara mbili lingehitaji milimita nyingine 120. Yenye kilo 6 inahitaji 60 nyingine. Ugumu ndio unaolipia ufupi, na ukichukua koilova fupi zenye springi laini kwa kutaka starehe, utapata kinyume cha starehe, maana kila tuta litamalizikia kwenye raba.

Hata hivyo kuwa na safari ndani ya shokapu hakutoshi, kwa sababu mguu wa chini ukizungushwa sana tairi litagusa madigadi kabla shokapu haijafika mwisho. Njia ya kujua ni kutoa springi kwenye koilova moja ya mbele, kuifunga bila springi, kisha kukinyanyua kitovu kwa jeki polepole hadi raba ya kikomo igote, huku stendi zikiendelea kubeba gari. Zungusha usukani kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, ukitazama kwa tochi tairi linapita wapi. Nilifanya hivyo kabla ya kuamua urefu, na ndiyo iliyoniamulia. Nilitaka kushusha gari zaidi. Tairi likakataa, nikaishia kushusha milimita 20 kutoka kwenye kipimo cha kiwandani, na hapo nimebaki.

Kuna sababu ya pili ya kutoshuka sana, na ni ya jiometri. Kwenye MacPherson, mkono wa chini, yaani loa amu kwa lugha ya gereji, ukiwa umelala sawasawa au umeinama kidogo kuelekea nje, gari hukata kona kwa utulivu. Gari likishushwa sana, ncha ya nje ya mkono huwa juu kuliko ya ndani. Hapo kituo ambacho mwili wa gari hulalia hushuka chini kwa kasi kuliko kituo cha uzito wa gari kilivyoshuka, na nguvu inayolilaza gari kwenye kona inaongezeka. Tena, kila tairi linavyopanda kutoka hapo, mlalo wake hupungua badala ya kuongezeka. Mwenye gari huhisi kwamba gari linalala zaidi, hununua fimbo nene ya stabilaiza, kisha springi ngumu zaidi, na wakati huo wote kilichotakiwa ni kulipandisha sentimita mbili.

Wapenzi wa Impreza Afrika Mashariki wana ushahidi wao karibu zaidi kuliko vitabu. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 kwa Impreza, na Richard Burns akashinda mwaka 2000 kwa Impreza pia, katika barabara za Kenya zenye mawe, vumbi na mito ya msimu. Magari yale yalisimama juu na kupewa safari ndefu ya gurudumu, na hakuna aliyethubutu kusema kwamba hayakuwa ya michezo. Sisemi kila mwenye WRX alinyanyue gari lake kama la rali. Barabara ya Bagamoyo ni lami, na gari la chini kidogo hukata kona zake vizuri zaidi. Ninachosema ni kwamba gari lilelile hufungwa kulingana na njia yake, na njia zetu zina matuta, rasta (vile vituta vidogo vinavyofuatana), mashimo ya baada ya masika, na kipande cha udongo kabla ya kufika karibu kila nyumba.

Ili kujua kama urefu uliochaguliwa unafaa njia zako, kuna kipimo kisicho na gharama. Kwenye ufito unaong'aa wa shokapu, kama koilova zako si za aina iliyogeuzwa ambayo ufito wake hauonekani, funga kamba nyembamba ya plastiki ya kubania nyaya, uisukume hadi iguse mwili wa shokapu, kisha endesha njia unayopita kila siku ukiwa na abiria unaowabeba kwa kawaida. Ukirudi, kamba hiyo itakuwa imesukumwa hadi mahali shokapu ilipofikia. Mbele yangu ilibaki nafasi kabla ya raba, lakini nyuma, tulipokuwa wanne na mizigo, kamba ilikuwa imegandamizwa kwenye raba yenyewe. Nikaongeza mkazo wa awali wa springi za nyuma kidogo kidogo, nikiufupisha mguu wa chini kwa kiasi kilekile ili urefu wa gari usibadilike, hadi kamba ikaacha nafasi. Bila kipimo hicho ningeubadilisha ugumu wa shokapu, ambao haukuwa na tatizo.

Kuhusu ugumu huo, koilova zangu zina kitasa kimoja juu ya kila shokapu, na kitasa cha aina hii kwa kawaida hurekebisha zaidi nguvu ya kurudi kuliko ya kubanwa. Kizungushe hadi mwisho wa ugumu bila kulazimisha, kisha urudi nyuma ukihesabu hatua, uandike. Nilianza na upande laini kabisa, nikaongeza hadi mwili wa gari uliponyamaza mara moja baada ya tuta badala ya kunesa tena. Wapo wanaoanza na upande mgumu kwa kuamini kwamba ndio wa michezo. Madhara yake yanaonekana vizuri kwenye rasta: gurudumu linabanwa na tuta dogo la kwanza, shokapu ngumu inalizuia kurudi, tuta la pili linalikuta bado liko juu, na la tatu vivyo hivyo, hadi gari linakuwa limezama kwenye raba zake za kikomo na tairi haligusi tena barabara kwa uthabiti. Dereva husema gari linateleza kwenye rasta, na hulaumu tairi. Hatua chache za kulegeza humaliza tatizo hilo.

Alaimenti si jambo la hiari baada ya kazi hii. Shokapu zikibadilishwa, mlalo wa tairi hubadilika, na mlalo ukibadilika mwelekeo wa tairi nao huhama. Nilichagua mlalo wa ndani wa digrii moja na nusu mbele, pungufu kidogo ya hapo nyuma, na matairi yakitazama mbele moja kwa moja bila kufunga wala kufungua. Mafundi wengi watakuonya kwamba mlalo hula tairi upande wa ndani. Kwa kiasi hiki hula kidogo sana. Kinachomaliza tairi kwa haraka ni mwelekeo ulioharibika, na ndiyo maana gari lililofungwa koilova halipaswi kutembea mwezi mzima likisubiri fedha za alaimenti. Muombe fundi akupe karatasi ya vipimo vya kabla na vya baada, na usikubali jibu la "tayari, iko poa" bila namba.

Baada ya kilomita mia chache nilirudi kwenye kila bolti na toki renchi. Nati za juu za upande mmoja zilikuwa zimelegea kidogo, jambo la kawaida kwa maunti mpya zinapokaa. Pete za kufungia nazo nilizikagua kwa spana ya ndoano, kwa kuwa pete iliyolegea hupanda nyuzi yenyewe na kuharibu vipimo vyote vya daftari. Kila baada ya masika huziosha nyuzi kwa maji na brashi laini, nikazikausha, nikapaka grisi nyembamba na kuzifunika kwa mfuko wa raba uliokatwa kwa kipimo chake, maana vumbi la kwetu likichanganyika na hewa ya bahari huzigandisha pete ndani ya msimu mmoja. Maunti zenye bolijointi ya chuma badala ya raba zina mlio wao, mkavu na mfupi, ambao husikika kwa kasi ndogo kwenye barabara mbovu. Mlio mwepesi unavumilika. Ukianza kuhisiwa kwenye usukani, bolijointi hiyo imekwisha na inabadilishwa.

Shokapu za kiwandani nimezisafisha, nikazifunga kwa nailoni zikiwa na springi zake, na kuzihifadhi zikiwa zimesimama wima. Zinarudi kwenye gari ninaposafiri kwenda kijijini kwa barabara ya udongo wakati wa mvua, na kwa kuwa kila bolti sasa imepakwa grisi na inafunguka bila kugoma, mimi na mdogo wangu tunaanza asubuhi na gari liko tayari kupelekwa kwenye alaimenti kabla ya jua kuwa kali.